Siku 30 baada ya mawimbi ya mshtuko: ni adhabu au ni kinga?

Malalamiko ya wakufunzi wa farasi wa mbio nchini Marekani ni rahisi kuyaelewa. Chini ya kanuni za HISA, mamlaka iliyoanza kusimamia usalama wa mbio nchini humo mwaka 2022, farasi aliyetibiwa kwa mawimbi ya mshtuko, yaani mapigo makali ya sauti yanayoelekezwa kwenye sehemu iliyoumia kupitia ngozi, haruhusiwi kushindana wala kukimbizwa kwa kasi mazoezini kwa muda usiopungua siku 30, ilhali FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, hutosheka na siku 5 kabla ya mashindano. Wakufunzi wanauliza: ikiwa nafuu ya maumivu inayoletwa na tiba hii huisha baada ya siku chache, siku zilizobaki ni za nini?

Swali hilo lina uzito, kwa kuwa tiba yenyewe si ubabaishaji. Mawimbi haya yalianza kutumiwa Ujerumani mwaka 1980 kuvunja vijiwe vya figo vya binadamu, kisha katika miaka ya 1990 yakaletwa kwa farasi, hasa wenye jeraha sugu la ligamenti (ukanda wa nyuzi ngumu) inayobeba kifundo cha mguu. Utafiti wa mwaka 2004 uliripoti kuwa asilimia 41 ya farasi walioumia ligamenti hiyo katika mguu wa nyuma walirudia kazi yao kikamilifu baada ya miezi 6. Ripoti ya mwaka 1994, ya farasi waliopumzishwa bila mawimbi hayo, ilikuwa na asilimia 14 tu. Tofauti hiyo inavutia, ingawa utafiti wa 2004 haukuwa na kundi la farasi wasiotibiwa, na kulinganisha wagonjwa wa madaktari tofauti, wa nyakati tofauti, hakuthibitishi mengi.

Hata hivyo, anayehesabu siku za nafuu anahesabu kisichohusika. Mawimbi hupunguza hisia za neva kabla tishu haijapona, na nyuzi za ligamenti huhitaji miezi, si siku, kurudisha nguvu zake. Katika muda huo farasi asiyesikia maumivu hukanyaga kwa uzito wake wote, na daktari anayemkagua kabla ya mbio humwona akitembea sawasawa. Hatari ni kubwa zaidi kwenye mifupa, kwa sababu mivunjiko mingi inayoua farasi uwanjani huanzia kwenye nyufa ndogo za uchovu zilizokuwapo tangu awali, na kuchechemea kidogo huenda ndiyo dalili pekee ambayo mtu angeiona kwa macho.

Kuna jambo jingine ambalo walalamikaji hulipita haraka mno. Tiba hii haiachi dawa katika damu wala mkojo, kwa hiyo msimamizi hutegemea kumbukumbu za matibabu. Marufuku ikiwa ya siku 5, tarehe iliyosogezwa nyuma kwa siku mbili tu kwenye daftari inatosha kumwingiza uwanjani farasi ambaye bado hasikii mguu wake vizuri. Ikiwa ya siku 30, udanganyifu wa siku mbili haumfaidishi mtu, maana nafuu yenyewe imekwisha kitambo. Sehemu kubwa ya urefu wa muda huo, kwa maoni yangu, inahalalishwa na hilo peke yake.

Upande wa pili una hoja moja ambayo haijibiki kwa urahisi. Farasi mwenye maumivu ya misuli ya mgongo, asiye na jeraha la mfupa wala ligamenti, hufungwa na siku zilezile 30, wakati sindano ya kotikosteroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, ndani ya kiungo humzuia kushindana kwa siku 14 tu. Mkufunzi mwenye haraka ataona sindano ndiyo njia fupi, hata pale ambapo mawimbi yangemfaa farasi zaidi. Msamaha kwa matibabu ya mgongo ungeweza kufikiriwa, mradi daktari wa uwanja ahakikishe kwanza kwamba miguu ni mizima. Ila pengo lililobaki kati ya 14 na 30 halinishawishi kupunguza 30. Sindano nayo hutuliza maumivu ya kiungo kilichochakaa, tena kwa muda mrefu kuliko mawimbi, na kama kuna idadi inayostahili kuchunguzwa upya, ni hiyo 14.