Aliyeshika futi naye aandikwe

Kule juu Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, tunaandika kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huganda. Betri za vipimo unalala nazo ndani ya mfuko wa kulalia zisije zikafa kwa baridi. Na asubuhi ukiulizwa kama kichwa kinauma, sema kweli, maana mmoja akizidiwa wenzake wanaacha kazi kumshusha. Hayo nilijifunza nilipojitolea kwenda na timu ya wapima barafu Kilimanjaro, na natamani kila mwanafunzi wa jiografia nchini apate nafasi hiyo japo mara moja.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mnatoboa barafu, mnasimika kigingi, mnaondoka. Mkirudi baada ya miezi mnapima kimejitokeza kiasi gani, na hapo mnajua barafu imeshuka kiasi gani. Darasani nilifundishwa kwamba barafu huyeyuka ikawa maji. Kule Kibo barafu nyingi hupotea bila kulowesha hata jiwe: hewa kavu, jua kali, inageuka mvuke moja kwa moja. Nimesimama chini ya ukuta wa Barafu ya Kaskazini, umenyooka wima kama ghorofa, na chini yake mchanga mweusi ni mkavu kabisa. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walichonga vidato kwenye barafu kwa shoka ndipo wakafika kileleni. Leo wageni wanafika kilele cha Uhuru wakikanyaga vumbi na mawe. Kati ya 1912 na 2011 eneo la barafu lilipungua kwa asilimia 85.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Kwenye kigingi cha tatu vidole vyangu viligoma. Kijana mpagazi, mtu wa Machame chini ya mlima, alitua mzigo wake, akachukua futi, akapiga magoti, akasoma namba. Akarudia kusoma, akiweka jicho sawa na alama ili asikosee, jambo ambalo mimi nilisahau kwenye vigingi viwili vya mwanzo. Kisha akanionyesha jiwe hatua kadhaa mbele: "Dada, nilipoanza kubeba, barafu ilikuwa inafika pale." Daftari halikuwa na safu ya kuandika neno kama hilo. Lilikuwa na safu ya jina la mpimaji, nami nikaandika jina langu.

Mwaka 2000 mtafiti wa barafu Lonnie Thompson na wenzake walitoboa vipande sita virefu vya barafu mlimani hapo, na barafu ya chini kabisa ilikadiriwa kuwa na umri wa miaka 11,700 hivi. Vipande hivyo vilihifadhiwa kwenye majokofu ya chuo kikuu chake, Ohio, Marekani. Heshima yake ni halali, kazi ile ni kubwa mno. Lakini barafu hiyo ilishushwa kwa migongo ya wapagazi, na ni nani kati yetu anayeweza kutaja hata mmoja wao?

Kwa maoni yangu, yeyote anayepewa kibali cha kupima mlima huu afundishe wapagazi wake kusoma vigingi kabla ya kupanda, awalipe kwa kazi hiyo, na aandike majina yao kwenye jedwali. Matokeo yaletwe kwa Kiswahili katika shule za Marangu na Machame. Hao ndio wanaopanda mara nyingi kwa mwaka; mtafiti hupanda mara moja. Na sisi tunaojitolea tukumbuke kwamba kila kilo tunayoongeza kwenye begi inakaa kichwani kwa mtu. Mimi nilibeba vitabu viwili, sikufungua hata kimoja.

Nimemwandikia kiongozi wa timu yetu. Nimemwomba kigingi cha tatu na vyote vilivyofuata siku ile, alivyosoma yeye, viwekwe jina la yule kijana, na jiwe lake lipimwe safari ijayo. Bado nasubiri jibu.