Majukwaa ya Roketi ya Ngomeni: Yabaki Baharini au Yang'olewe?

Mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, majukwaa ya chuma ya Kituo cha Anga cha Luigi Broglio yamesimama baharini. Kati ya 1967 na 1988 Waitalia walirusha hapo setilaiti tisa kwa roketi za Scout za Marekani. Mojawapo ni Uhuru, iliyoruka 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Kituo cha nchi kavu kingali kazini, ila majukwaa hayana tena roketi ya kungojea.

Wanaotaka yang'olewe wana hoja nzito, nayo ni kutu. Mguu wa jukwaa hauliwi sawasawa. Sehemu iliyozama daima hulindwa na vipande vya zinki au alumini, ambavyo huliwa badala ya chuma. Kinga hiyo hukomea maji yanapokomea. Juu yake, panaporukiwa na mawimbi, chuma hulowa na kukauka kutwa kucha, chumvi na hewa vikikishambulia pamoja. Hapo chuma kisicho na rangi chaweza kupoteza milimita 0.2 hadi 0.4 kwa mwaka; miaka 30 bila matunzo ni milimita 6 hadi 12.

Kupaka rangi upya nako kuna masharti. Chuma kioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, kipigwe mchanga kwa mpulizo wa hewa hadi king'ae, kisha kipakwe rangi ngumu ya epoksi siku hiyohiyo. Chumvi ikibaki, rangi hufura malengelenge na kutu huendelea chini yake kimyakimya. Rangi za zamani huwa na madini ya risasi mara nyingi, kwa hiyo vumbi lazima likingwe lisiangukie maji ya wavuvi. Na wakati wa kusi, kuishikiza mashua kwenye nguzo ni hatari.

Hata hivyo, mahali penyewe pana maana ambayo picha haiwezi kuibeba. Roketi ililazwa bandani juu ya jukwaa, ikaunganishwa, kisha ikasimamishwa juu ya shimo lililo wazi hadi baharini ili moto ushukie majini. Ukisimama hapo unaelewa kwa nini palichaguliwa: ikweta i karibu, na mashariki ni bahari tupu ya kuangukia vipande vya roketi. Kule Cape Canaveral, Marekani, kwenye uwanja wa kurushia roketi namba 34 walipofia wanaanga watatu wa Apollo 1 mwaka 1967, mnara uliondolewa na meza ya zege ikaachwa. Inatosha kumgusa mgeni. Lakini zege lile liko nchi kavu.

Kwa maoni yetu, si lazima kuokoa kila kitu. Jukwaa la San Marco, lililorusha roketi, ndilo la kupigania. Mitambo ya Santa Rita, jukwaa la kuongozea urushaji, iletwe pwani. Kwanza unene wa kila mguu upimwe kwa mawimbi ya sauti, maji yakiwa yamekupwa wakati wa bamvua ili sehemu inayoliwa zaidi ifikike. Miguu ikishindwa, jukwaa lipimwe lote kwa leza kabla ya kukatwa, na fremu ya shimo la kurushia ipelekwe Ngomeni. Michoro, daftari za kazi na kumbukumbu za wazee waliofanya kazi pale zikusanywe sasa, maana hizo hazingoji vipimo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inaruhusu mahali kama hapa kutangazwa urithi. Kwa kuwa Italia bado inakitumia kituo cha nchi kavu, gharama za matunzo ziingizwe kwenye makubaliano yake na Kenya.