Mtu Asiyeweza Kunyang'anya Simu

Mvulana wa miaka 15 ametuma picha yake ya utupu kwa mtu aliyedhani ni msichana wa rika lake. Muda si muda anajibiwa: lete pesa, la sivyo marafiki zako wote wataiona. FBI ya Marekani imeonya mara kadhaa kwamba walengwa wakuu wa utapeli huu wa kudai pesa ni wavulana wa miaka 14 hadi 17, na wapo waliojiua. Usiku huo atamwambia nani? Aibu inamziba mdomo, na nyuma ya aibu ipo hofu nyingine inayoonekana ya kitoto lakini ina nguvu: nyumbani wakijua, simu inakwenda.

Hapo ndipo mlezi wa vijana anapopata kazi. Namsema yule wa klabu, wa timu, wa kikundi cha maigizo. Kijana humwendea kwa hiari, na akichoka haendi tena. Mlezi huyo hana ubavu wa kumnyang'anya mtu simu, na ndiyo maana huambiwa yasiyoambiwa wazazi.

Akiambiwa, lazima ajue la kufanya. Kijana asilipe, kwani aliyelipa mara moja hudaiwa tena. Asifute mazungumzo wala jina la akaunti, maana huo ndio ushahidi. Mlezi naye asiombe kuiona picha, wala asikubali itumwe kwake: kuwa na picha ya namna hiyo ya mtoto ni kosa la jinai katika nchi nyingi, hata kwa mwenye nia njema. Ipo pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Hutengeneza alama ya utambulisho ya picha ndani ya simu ya kijana mwenyewe, kisha alama hiyo, bila picha, hupewa kampuni za mitandao zilizojiunga ili ziisake na kuiondoa. Haulizwi hata jina.

Serikali kadhaa zimeona njia hii ya kumtegemea mlezi ni ya taratibu mno. Tangu tarehe 10 Desemba 2025, Australia inazitaka kampuni kubwa za mitandao ya kijamii kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti, na faini inaweza kufika dola milioni 49.5 za nchi hiyo. Hoja ya wanaounga mkono siidharau hata kidogo. Mlezi mmoja anawafikia vijana 30 akijitahidi sana. Sheria inawagusa mamilioni kwa siku moja. Tena kwa nini mtoto awe mlinzi wake mwenyewe mbele ya kampuni zilizoajiri wataalamu wa kumfanya asiache kutazama? Semina ya Jumamosi haiwezi kushindana na hilo.

Ila uzio una matundu. Uingereza ilipoanza kudai uhakiki wa umri kwa tovuti za ngono, Julai 2025, programu za VPN, zinazoficha mtumiaji yuko nchi gani, zilipanda hadi kileleni mwa orodha za upakuaji. Sheria ya Australia haimwadhibu mtoto wala mzazi, ni kweli, lakini mwenye miaka 14 aliyeingia kwa mlango wa uani hasomi vifungu. Anachojua ni kwamba hakutakiwa kuwa humo, na sasa ana sababu ya pili ya kunyamaza. Kisha kuna utafiti wa EU Kids Online wa mwaka 2010, uliohoji watoto zaidi ya 25,000 katika nchi 25 za Ulaya: wanaotumia mtandao zaidi hukutana na hatari zaidi, na ni hao hao wanaopata ujuzi zaidi. Mwenye kufunguliwa geti akiwa na miaka 16 ataanza kujifunza lini?

Linalonisumbua mimi zaidi ni jambo ambalo wapenzi wa kazi hii hulipitia juu juu. Kumzoea kijana, kumsikiliza bila kumhukumu, kumjibu anapoandika: mlezi mwema hufanya hivyo, na mwindaji hufanya hivyo hivyo. Tofauti inayoweza kuonekana kwa macho ya wengine ni moja tu, kwamba mwema hajifichi. Kwa hiyo naunga mkono masharti yanayoudhi: akaunti iwe ya klabu, mtu mzima wa pili aweze kuona mazungumzo, pasiwe na ujumbe unaojifuta. Walezi watalalamika kwamba kijana hufunguka saa tano usiku, kwa faragha, na mtu mzima wa pili akiwemo hatasema kitu. Hawajakosea.

Ahadi ya "sitamwambia mtu" nayo isitolewe kamwe. Kijana aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba maisha yake au ya mwingine yakiwa hatarini, habari itafika kwa wahusika, na yeye ataambiwa kabla ya wote. Wengine wakisikia hivyo watanyamaza. Hiyo ni hasara halisi, na bado naichagua kuliko kumwahidi mtoto siri, kwa kuwa yule anayemtisha kwa picha naye alianza kwa kumwahidi siri.