Chumba cha Sanaa Si Stoo

Jumamosi iliyopita nilikwenda mkutano wa wazazi kwa niaba ya shemeji yangu, ambaye yuko melini na harudi leo wala kesho. Mpwa wangu yuko gredi ya 10 katika shule moja hapa Pwani ambayo sitaitaja, maana kijana bado ana miaka ya kula maharagwe yao. Ajenda niliijua kabla sijafika: karo, basi la shule, karo, nidhamu, karo.

Halafu ikaja ile ya "miundombinu". Naibu wa mwalimu mkuu akasimama, akaeleza kwamba waliochagua mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ni wengi, maabara zimejaa, vifaa havina pa kukaa, na kwa hiyo chumba cha sanaa, "ambacho kwa kweli hakitumiki sana", kitageuzwa. Nikadhani atasema kitakuwa maabara. Ningeumia, lakini ningenyamaza. La. Kitakuwa stoo. Baba mmoja safu ya mbele akainuka bila kupewa ruhusa, akasema yeye hakuuza ng'ombe ili mwanawe aje kupaka rangi. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Nikainua macho. Nyuma ya meza kuu, ukutani, kuna nembo ya shule, ndefu kuliko mimi: mnazi, kitabu, mwenge, na wito wa shule umezunguka chini kama utepe. Kona ya kulia, kwa herufi ndogo za brashi, waliochora wameandika kidato chao na mwaka. Yaani tulikuwa tumekaa chini ya kazi ya chumba kile kile tunachokipigia makofi kife. Na kabla ya dua ya kufunga, naibu huyo huyo akatangaza kwamba lango jipya limekamilika na "vijana wetu wa sanaa watatuandikia jina vizuri kabla ya wageni kuja". Bure, bila shaka. Nikacheka. Mama aliyekaa kando yangu akanitazama kama nimecheka matangani.

Basi niseme yangu hapa, maana pale sikupewa nafasi.

Mimi nilisoma sanaa hadi kidato cha nne. Sikuwa msanii na sijawa. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nilipata C+ ya Sanaa, gredi ambayo mwalimu wetu aliipokea kwa huzuni kuliko mimi. Leo kazi yangu ni kukagua magari yaliyopata ajali, niandike ripoti kampuni ya bima ijue ilipe nini. Kwa hiyo nasema kama mtu ambaye sanaa haikumtoa, haikumpeleka ng'ambo, wala haikumpa jina. Na bado hakuna somo nililolitumia zaidi yake.

Kipindi cha kwanza kabisa, mwalimu aliweka sufuria juu ya stuli. Sufuria ya zamani ya jikoni kwa shule, nyeusi tako zima, imebonyea huku na huku. Akasema tuchore. Mimi nilimaliza mapema nikajiona bingwa. Nimechora mdomo wa sufuria duara safi, kama shilingi. Akaja, akasimama nyuma yangu, akauliza, "Hapo ulipokaa, unaona duara?" Nikasema sufuria ni duara, mwalimu. Akasema, "Sikukuuliza sufuria ikoje. Nimekuuliza unaona nini."

Nikatazama. Kumbe nilichokuwa nakiona ni yai lililobanwa, jembamba, karibu mstari. Ukisimama, yai linanenepa. Ukichuchumaa linatoweka. Miaka kumi na mitano nimekula kutoka kwenye sufuria na sikuwahi kuiona sufuria hata siku moja. Tulichora sufuria ile wiki tatu. Kifutio changu kikaisha, nikawa nafutia kipande cha ndara.

Hilo ndilo jambo, wazazi wenzangu, na nitalishikilia hapo hapo. Shule yote iliyobaki hukufundisha kuandika unachokijua. Chumba cha sanaa peke yake ndicho kilichonikatalia nilichokijua mpaka nitazame kwanza. Mambo hayo mawili si sawa, na wa kwanza kugundua hawakuwa watu wa sanaa. Alikuwa mwalimu wa Biolojia.

Tulipofika kidato cha nne, tukaletewa pingili za uti wa mgongo kwa mazoezi ya karatasi ya vitendo. Wenye akili zao, wale wa A, wakachora pingili nzuri sana. Mbawa mbili, tundu katikati, kila kitu mahali pake. Shida ni kwamba pingili iliyokuwa mezani ilikuwa imevunjika mbawa moja. Walichora ya kitabuni. Watu wanne tulichora iliyovunjika, na watatu kati yetu tulitoka chumba cha sanaa. Mwalimu wa Biolojia alikasirika siku ile hata chaki ikakatika. Mtahini anataka mstari mmoja safi, usiotiwa kivuli, wa kitu kilicho mbele yako. Usimletee kumbukumbu.

Na huku kazini? Mlango wa gari uliowahi kupigwa puti ukapakwa rangi upya, ukiutazama kwa mbele utakwambia haujaguswa tangu kiwandani. Jongea pembeni, chuchumaa, tazama mstari wa mwanga unavyotembea juu ya bati. Mahali palipoguswa mstari unayumba kidogo, kama maji yaliyopitiwa na samaki. Hapo ndipo mwenye gari huanza kuniita "ndugu yangu". Vijana tunaowapokea kwa mafunzo wana digrii, wanajua injini kuliko mimi, na huandika kwenye fomu kile dereva alichowasimulia. Nawaweka mbele ya sufuria. Kweli, ipo moja ofisini, na wananicheka.

Najua mtakayosema. Mtasema kuna watu mashuhuri, mbona usiwataje. Haya: Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi, mwaka 2019 aliweka masanamu manne ya shaba nyeusi katika vishubaka vya ukuta wa mbele wa Metropolitan Museum, New York, vishubaka vilivyokuwa vitupu tangu ukuta ule ulipokamilika mwaka 1902. Nimemtaja. Lakini siipendi hoja hii, ndiyo inayotuangusha kila mara. Mzazi akisikia Wangechi anapiga hesabu upesi: mmoja katika milioni, na mwanangu si yeye. Na anapiga hesabu sawasawa. Hakuna anayetetea somo la Kemia kwa kutaja washindi wa Nobel.

Kuhusu riziki nitasema kwa ufupi. Msimu wa harusi ukianza hapa Mombasa, muulizeni binti anayepaka hina na piko kwa siku anaingiza ngapi, kisha mmuulize karani wa kaunti. Wanaochora matatu nao mnawajua. Na yupo mwenzetu mmoja wa bweni la pili aliyetoroka shule mara mbili, na mara zote mbili kilichomrudisha ni batiki aliyoiacha haijakauka. Leo ana watoto wanne na duka la vifaa vya ujenzi, hachori chochote.

Batiki nayo ina yake. Mimi niliunguza nta jikoni kwa shule, moshi ukajaa, mpishi akatufukuza na mwiko, na kitambaa cha mradi wa wiki tano kikawa na baka katikati kama ramani ya nchi isiyojulikana. Mwalimu hakunipa kingine. Akasema tafuta njia ya kuishi na baka hilo. Likawa mwamba wenye ndege juu. C+, nimeshasema.

Sasa nikubali mawili, kwa shingo upande. Vifaa ni ghali. Rangi nzuri, brashi isiyonyonyoka, karatasi za manila kila wiki, si mchezo kwa mzazi aliyekwisha kamuliwa na karo. Lakini hoja hii nayo isivutwe mpaka ikatike. Msanii wetu Rosemary Karuga alisoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, akafundisha shule miaka na miaka, na alipoirudia sanaa katika miaka ya 1980 alifanya kolaji, picha za kubandika vipande, kwa makaratasi ya kufungia sabuni na paketi za unga. Zikasafiri hadi makumbusho ya New York. Paketi za unga, bwana naibu. Jikoni kwenu mnachoma ngapi kwa muhula?

Na pili, ni kweli wengine wetu tulikwenda chumba kile kulala. Alasiri ya Mombasa, madirisha makubwa, upepo wa bahari. Nililala mimi. Nililala Hisabati pia na hakuna aliyeigeuza stoo.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba safari hii hata serikali haiko upande wao. Mikondo ya sekondari ya juu ni mitatu, na wa tatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo, si nyongeza ya baadaye. Wizara yenyewe, inayoipenda STEM kama mwana wa kwanza, ilipokuwa ikipanga ilikadiria asilimia 60 waende huko, 25 Sayansi ya Jamii, na 15 Sanaa na Michezo. Asilimia 15 ya shule ya wanafunzi 1,000 ni watoto 150. Watakaa wapi? Stoo?

Mkutano ulipokwisha watu wakaenda kwenye soda, mimi nikaenda kukitazama chumba chenyewe kabla hakijajazwa ndoo. Kiko nyuma ya bwalo. Nilikuta mlango wazi, benchi zimeshabebanishwa upande mmoja, na msichana wa kidato cha tatu amekaa peke yake kwenye benchi lililobaki, ubao wa kuchorea mapajani. Akanipa shikamoo, akaniuliza kama nimetumwa kuja kupima chumba. Nikamwambia mimi ni mjomba wa mtu tu.

Mbele yake, juu ya kiti cha plastiki, sufuria. Sikuamini macho yangu. Nikazunguka nyuma yake kama alivyokuwa akifanya mwalimu wetu. Mdomo ameubana vizuri, kivuli kizuri, lakini upande wa kushoto mstari umeingia ndani, hauendi sambamba na mwenzake wa kulia. Nikamwambia, kwa sauti ya mtaalamu, hapo mwanangu umekosea, rekebisha.

Hakuinua kifutio. Akanyoosha penseli kuelekea kwenye sufuria. "Hapo imebonyea, mjomba."

Nikachuchumaa. Ilikuwa imebonyea.