Nyenje wa Saa Tisa Usiku

"Tii!"

Saa tisa usiku, baridi ya kugonganisha meno, nimejikunja kama jongoo. Nikatega sikio. Kama dakika moja hivi ikapita. "Tii!"

"Nyenje huyo," nikamwambia mke wangu.

"Nyenje gani anaimba wakati wa theluji, baba watoto? King'ora chako cha moshi hicho. Betri imechoka."

Alikuwa na hoja. Betri ikipoa, volti zake hushuka, ndiyo maana vifaa hivi huanza kulalamika saa ambayo nyumba imepoa kuliko zote. Mchana joto likirudi vinanyamaza, nawe unadhani uliota.

Nikavaa koti juu ya nguo za kulalia, nikapanda kiti, nikakizungusha king'ora kinyume cha mwendo wa saa hadi kikaachia dari. Nikachomoa betri ya volti 9, nikaitia mfukoni. "Tii!"

Mke wangu akanitazama. Nikamweleza kitaalamu kwamba ndani hubaki chaji kidogo, na dawa yake ni kubonyeza kitufe cha majaribio kwa sekunde kama 15 hadi iishe. Maelezo hayo ni ya kweli, niamini. Nikabonyeza, nikahesabu mpaka 20. "Tii!" Nikakiviringisha kwenye blanketi na kukisukumia kabatini chini ya mashuka. "Tii!" Sauti safi, wala haikukwama na mashuka.

Watoto wakaamka, tukahamia sebuleni, nikawasha hita. Hapo sina mchezo: plagi iende kwenye soketi ya ukutani, si kwenye waya wa nyongeza, kwa sababu wati 2,000 kwa volti 230 ni karibu ampea 9, na waya mwembamba uliokunjwakunjwa unaweza kuyeyuka. Pazia na sofa vikae mita moja kutoka kwenye hita. Nikapima kwa hatua.

Punde nikasikia harufu ya kitu kinachoungua.

"Nani kaanika soksi kwenye hita?" nikafoka. Wote wakakana. Nikaizima, nikainama kuinusa, na paja likachomwa kama limewekewa pasi.

Koti! Betri ya volti 9 ina ncha zake zote mbili kichwani, zimekaribiana. Ukiitia mfuko mmoja na funguo, chuma kinaziunganisha, inapiga shoti na kuchemka. Ndiyo maana hata ile ya kutupwa huzibwa ncha kwa utepe wa plastiki. Nikacheza ngoma isiyo na jina, koti likarushwa bafuni.

"Si ulisema imekwisha?" mke wangu akauliza.

Hapo ndipo penye aibu. Betri iliyokwisha ingepata wapi nguvu za kunibabua vile?

Binti yetu mdogo akanyoosha kidole kwenye rafu, nyuma ya picha. "Baba, kale kanawaka taa."

Kitambuzi cha kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu! Mlio mmoja mmoja ni betri tu. Ingekuwa gesi, kingelia mara nne harakaharaka, kikapumzika, kikalia nne tena, nasi tungekuwa nje kwenye theluji kitambo. Kilitaka betri mbili za AA. Nyumbani zilikuwepo mbili tu, za rimoti, hoi kuliko zake.

Nyumba isiyo na king'ora haiwashwi hita usiku, kwa hiyo haikuwashwa tena. Tukakaa watano ndani ya blanketi mbili hadi alfajiri, nyenje akituongoza kwa wimbo.