Kiapo si hati ya kunyamazisha wafiwa

Mwandishi wa makala moja anasema askari akishaapa amekubali kufa, kwa hiyo tusihoji alivyokufa. Sikubaliani naye hata kidogo. Aliapa kuitetea nchi, hakuapa kuachwa.

Tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab waliivamia kambi ya wanajeshi wetu wa Kenya huko El Adde, Somalia, alfajiri. Rais wa Somalia wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja vifo karibu 200. Serikali yetu, mpaka leo, haijatutajia idadi. Linganisheni na Semuliki, Kongo, Desemba 2017, walipouawa walinda amani wa Tanzania: Umoja wa Mataifa ulichunguza, ukakiri hadharani kwamba hapakuwa na mpango unaofaa wa kuwapelekea msaada na kuwaokoa. Hicho ndicho ninachodai. Nani alionywa? Msaada ulikwamia wapi?

Jirani yangu alimpoteza mwanawe jeshini. Sanduku lake la bati la shule, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe, bado liko chini ya kitanda. Kila Jumamosi mama hulivuta, akalipangusa vumbi, akalirudisha. Mama huyu anajua vita vinaua, hahitaji kufundishwa. Anachotaka ni kuambiwa mtoto wake alikufaje.