Kapteni na Mafuta ya Mbuta

Ukitaka boti ya kubebea wageni hapa Kisumu, nunua nyeupe. Nyeupe huzeeka kimyakimya. Bluu ya kukolea au nyeusi ikianza kuzeeka, mtaa mzima unajua. Tuko karibu kabisa na ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua la Machi saa sita mchana linasimama utosini. Linachoma ile ngozi ya nje ya faiba, jeli koti, hadi juu yake panabaki unga mweupe. Unga mweupe juu ya boti nyeupe, nani atauona?

Kapteni hakuwa na habari hizo. Alinunua boti ya faiba ya futi 23, bluu iliyokaribia weusi, kwa sababu aliona ina heshima. (Kapteni ni jina la ufuoni tu. Meli hajawahi kuendesha, lakini kofia anayo.) Akaiweka Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria, ikawa inapeleka watu kutazama viboko na kupiga picha na magugu maji. Misimu michache ya jua, na heshima ikaisha. Ubavu ukawa ubao wa darasani uliofutwa kwa kiganja.

Aliniita siku ya Alhamisi.

"Fundi, Jumamosi nina harusi. Bibi harusi anafika kwa boti. Nusu ya pesa wameshalipa."

"Nusu iko wapi, Kapteni?"

"Nimenunua kofia nyingine."

Kabla ya kugusa faiba iliyopauka, kuna jambo dogo la kufanya kwanza: mwagia maji sehemu moja utazame. Rangi ikirudi ikiwa mbichi, jeli koti bado ni mzima, kazi ni ya kusugua na kung'arisha. Ikibaki na mabaka hata ikiwa imelowa, au ukianza kuona nyuzi za faiba, hapo hakuna cha kung'arisha, tafuta fundi wa kupaka rangi. Sababu yake ni rahisi. Uso uliochakaa una vishimo vidogo sana, mwanga ukigonga unatawanyika kila upande, jicho linaona weupe. Maji yakijaza vile vishimo, uso unakuwa laini kwa muda, mwanga unarudi sawasawa, na rangi ya chini inaonekana.

Nikamwaga ndoo moja. Ubavu ukageuka bluu ya kukolea, ukang'aa, wavuvi wawili wakaacha kushona nyavu. Kapteni akavua kofia.

"Basi imepona!"

"Haijapona. Imelowa. Ikikauka inarudi vilevile."

Nikamweleza kazi yenyewe: kuosha, kutoa mafuta na nta ya zamani, msasa wa maji wa namba tatu au nne tofauti, kampaundi, ile dawa nzito ya kusugulia, kwa mashine, polishi laini, halafu nta mara mbili. Boti ya ukubwa huo, pande zote mbili juu ya mstari wa maji, ina eneo la mita za mraba 12 hivi. Mtu mmoja na msaidizi hawaimalizi kwa siku moja, na ni lazima iwe kivulini. Kapteni alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaniuliza:

"Hii ni kung'arisha boti ama ni kupeleka posa?"

Nikaondoka kutafuta vifaa. Nyuma yangu Kapteni akabaki anafikiri, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Hesabu yake, kusema kweli, haikuwa ya kijinga. Kama tatizo ni kwamba maji yanakauka, basi inatakiwa kitu kinacholowesha na hakikauki. Akapanda boda mpaka mtaa wa Obunga, kwa akina mama wanaokaanga mgongo wazi, yale mafupa ya mbuta (sangara) yanayobaki viwandani minofu ikishatolewa. Mbuta ana mafuta mengi. Akarudi na mtungi wa lita tano wa mafuta ya samaki, ya rangi ya chai, yenye harufu ya kukutambulisha kabla hujafika.

Ijumaa jioni akapaka. Alitumia brashi ya rangi kwanza, kisha akasugua kwa sweta kuukuu, pande zote mbili, lita tano zote. Nilipokea picha kwenye simu, na lazima niseme ukweli: boti ilikuwa inang'aa kuliko siku iliyotoka kiwandani. Chini ya picha aliandika, "Fundi, baki na misasa yako."

Boti ilikuwa imevutwa nchi kavu, imekalia matairi, na juu yake mlinzi aliwasha balbu kubwa ili vijana wasiibe injini. Mtu wa ziwa ameshajua kilichofuata. Visubi wa ziwa hutoka majini kwa mamilioni, wanapanda angani kwa minara mirefu, mgeni akiwaona kwa mbali anadhani kuna kitu kinaungua. Hawaumi. Wanachopenda ni taa. Usiku ule walipata taa, na chini ya taa wakapata gundi. Mafuta ya samaki yakikaa hewani hayakauki kama maji wala hayabaki mafuta. Yanakuwa kitu cha katikati, cha kunata.

Kulipokucha boti ilikuwa na manyoya.

Sitanii. Kuanzia ukingo wa juu hadi kwenye mstari wa maji, tabaka la kijivu lililosimama wima, unene wa kidole pale chini ya balbu, na upepo ukivuma lilikuwa linacheza. Paka wa ufuoni walishafika. Mbwa nao, wale wanaoishi kwa matumbo ya samaki aina ya ngege, walisimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele wameiegemeza ubavuni, wanalamba kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwa msaidizi wangu yeyote. Juu ya pua ya boti alisimama korongo mmoja mkubwa, yule mwenye upara na mfuko shingoni, anawatazama wote kama mwenye hoteli.

Saa tatu msafara wa harusi ukaingia. Kapteni alikuwa amefukuza mbwa mara kadhaa, lakini visubi hawakung'oka. Ukipangusa wanasagika na kuwa uji. Akaona njia moja tu imebaki, nayo ni maneno.

Shangazi ya bwana harusi ndiye aliyefika karibu wa kwanza.

"Baba, boti hii imevaa nini?"

"Hiyo ni mahameli, mama. Ndiyo mtindo wa sasa. Imetoka nje."

Shangazi akanyoosha kidole, akagusa, akanusa kidole. Akamtazama Kapteni kwa muda mrefu.

"Mahameli ya mbuta?"

Wakati huo mpambe, kijana wa suti ya rangi ya maziwa, alikuwa upande wa pili. Mpiga picha alikuwa amemwambia aegemee, akunje mguu mmoja, atazame mbali. Akaegemea. Alipoondoka, boti ilibaki na umbo lake lote, mabega hadi kiuno, bluu safi inayong'aa, na mahameli yote yalikuwa mgongoni kwake. Picha zilizofuata alipigwa kwa mbele tu.

Bibi harusi alikuwa na akili kuliko sisi sote. Hakushuka garini mpaka ilipoletwa mashua ya mbao ambayo alfajiri ilikuwa imeshusha omena. Wakaimwagia maji, wakatandika leso, akapanda. Ikawa ndiyo boti isiyonuka siku hiyo.

Kapteni akaikokota boti yake majini aioshe kwa sabuni ya unga. Duara la mafuta likaanza kutanuka juu ya ziwa, rangi zote za upinde wa mvua, na wazee wa ufuo wakapiga kelele mpaka akaitoa. Jambo hilo walikuwa sahihi: boti haioshwi mafuta ziwani. Ivutwe mbali na maji, chini umwage maranda ya mbao yanywe kinachodondoka, kisha maranda uyazoe.

Basi nikaitwa tena, sasa kwa sauti ya chini.

Mafuta yakishaingia kwenye jeli koti iliyochakaa, kazi inaongezeka. Ukianza na msasa juu yake, karatasi inaziba dakika hiyohiyo na badala ya kukata inaburuta. Ukianza na kampaundi, sufu ya mashine inalewa mafuta na unayazungusha tu kutoka hapa kwenda pale. Ukithubutu kupaka rangi ndiyo mbaya zaidi. Rangi inakimbia mafuta, unabaki na vishimo vya duara kila mahali. Kwa hiyo kwanza tulikwangua wale visubi kwa kipande cha plastiki, si cha chuma. Halafu maji ya moto na sabuni ya vyombo, mara tatu, mpaka maji yakitiririka yanashuka kama shuka moja bila kugawanyika vitone. Yakigawanyika, mafuta bado yapo.

Baada ya hapo asetoni, na hapa ndipo wengi wanapoteza pesa. Asetoni inayeyusha mafuta lakini inaruka hewani haraka. Ukipangusa kwa kitambaa kimoja, yenyewe inakwenda na mafuta yanabaki palepale. Shika vitambaa viwili. Cha mkono wa kushoto kimelowa, kinayeyusha. Cha kulia ni kikavu, kinafuata nyuma na kuokota kabla haijakauka. Eneo lisizidi nusu mita, na vitambaa vibadilishwe mara kwa mara. Boti hii ilikula lita mbili na fulana zote kuukuu za Kapteni. Vaa glavu, kaa penye upepo, na mwenye sigara asimame barabarani. Maandishi ya stika yazibe kwa karatasi ya gundi kwanza, kwani asetoni inayala.

Msasa wa maji tulijaribu kwenye kipande cha sentimita 30 kwa 30 kabla ya kuamua. Unaanza na laini, ukishindwa ndipo unashuka kwenye kali. Jeli koti ni kama nusu milimita tu, na ukiimaliza hairudi. Hapa 1500 ilipita juujuu, 1000 ikasitasita, 800 ndiyo iliyotoa ule unga. Basi ikawa 800, kisha 1000, 1500 na 2000. Kila namba ipite upande wake, moja kulala, inayofuata kusimama, ili uone kama mikwaruzo ya ile iliyotangulia imeisha. Karatasi izungushiwe kipande cha raba, ndoo iwe na tone la sabuni. Maji yanayotoka yatakuwa ya bluu na mazito. Kapteni alipoyaona akapiga yowe kwamba namwaga boti yake chini. Ni ngozi iliyokufa tu. Kwenye kingo na kona usikandamize, na mashine usiipeleke kabisa, maana huko jeli koti ni nyembamba na huisha bila kuaga.

Kampaundi inataka pedi ya sufu na mashine ya mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika. Weka matone manne au matano, yapakaze mashine ikiwa imezimwa, kisha fanya sentimita 60 kwa 60, bila kusimama mahali pamoja. Waya wa umeme upite begani, usiburuze ubavuni. Rangi ya giza hushika joto upesi: kama kiganja hakiwezi kutulia juu yake, acha, subiri. Kisumu hii maana yake ni kuanza alfajiri na kufunga kabla ya saa nne, au ujenge kivuli cha turubai. Juani kampaundi inakauka na kuwa saruji.

Ukimaliza, usiamini macho ya mchana. Pangusa kwa spiriti, kwa sababu polishi ina mafuta yanayojaza mikwaruzo na kukudanganya, kisha mulika tochi kwa pembeni. Ukiona miviringo midogomidogo, ndiyo iliyofanya watu waape hawatanunua tena boti ya bluu. Hiyo inatolewa kwa pedi ya sponji na polishi laini, mwendo wa polepole. Nta inakuja mwisho: nyembamba, isubiri iwe ukungu, ifutwe, na ya pili baada ya saa chache. Gramu 400 zilitosha na kubaki. Kwa jua letu, irudie kila miezi mitatu au minne.

Balbu tuliizima usiku wote huo. Mlinzi alilalamika, akapewa tochi.

Boti ikarudi bluu, kavu, unajiona usoni. Kapteni akavaa kofia ya pili, akaizunguka, kisha akaja na karatasi yangu ya malipo mkononi.

"Omera, hapa umeandika kuosha pande mbili. Ubavu wa kushoto mbwa walikuwa wameshaulamba. Nipunguzie."

Nikamshika mkono nikampeleka ubavu wa kushoto, nikamwonyesha mstari wa chini wa hesabu. Ndimi za mbwa zilisaidia kweli, lakini walikuwa wamesimama kwa kucha. Mikwaruzo yao ilikuwa mirefu, imeshuka kwa safu kutoka ukingoni, na 800 haikuiweza. Ilibidi nishuke hadi 600 ndipo nipande tena namba zote. Ubavu ule ndio uliokuwa ghali.

Kapteni akahesabu noti, akanilipa zote, kisha akaingia kijijini kumtafuta mwenye mbwa.